Ukomo wa Deni la Marekani: Sheria ya Vita Iliyogeuka Silaha ya Siasa

Ukomo wa deni la Marekani ni kiasi cha juu kabisa ambacho sheria inairuhusu serikali kuu ya nchi hiyo kudaiwa. Tangu Julai 2025 kiasi hicho ni dola trilioni 41.1. Deni likifika hapo, Hazina hairuhusiwi kukopa tena mpaka Bunge lipige kura ya kupandisha ukomo au kuusimamisha kwa muda. Kwa hesabu ya Hazina yenyewe, kuanzia 1960 hadi mwanzoni mwa 2023 Bunge lilikuwa limeugusa ukomo huo mara 78, ama kwa kuupandisha moja kwa moja, ama kuuongeza kwa muda, ama kubadili namna unavyoelezwa. Mara 49 zilikuwa chini ya marais wa Republican na mara 29 chini ya marais wa Democratic. Katika kipindi hicho deni lilipanda kutoka chini ya dola bilioni 300 hadi zaidi ya trilioni 31.

Mpaka unaosogezwa kila unapofikiwa umewakasirisha Wamarekani wa pande zote. Anayetaka deni lipungue huona kwamba ukomo haukomeshi kitu. Anayetaka serikali ifanye kazi bila vitisho huona nchi ikisukumwa, kila baada ya miaka michache, hadi ukingoni mwa kushindwa kulipa wadai wake. Historia ya sheria hii inaonyesha kwamba wote wawili wana sababu ya kukasirika, lakini pia kwamba hasira yao mara nyingi huelekezwa mahali pasipo pake.

Namna ukomo unavyofanya kazi

Fedha za serikali kuu ya Marekani huamuliwa kwa kura za aina tatu. Kura za kodi huamua mapato. Kura za matumizi huamua kiasi kitakachokwenda jeshini, kwenye barabara, shule, utafiti, matibabu na pensheni. Matumizi yakizidi mapato, tofauti yake huitwa nakisi, na nakisi huzibwa kwa mkopo. Kura ya tatu, yaani ya ukomo wa deni, huja baada ya hizo mbili. Kura hiyo haiongezi matumizi wala haipunguzi kodi. Inaamua tu kama Hazina itaruhusiwa kukopa ili kulipia yale ambayo wabunge wenyewe walikwisha kuyaidhinisha.

Deni linalohesabiwa chini ya ukomo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni fedha zilizokopwa nje ya serikali: kwa mabenki, mifuko ya pensheni, wananchi wa kawaida, Benki Kuu, na mataifa mengine, yakiongozwa na Japan, Uingereza na China. Ya pili, ambayo ni karibu moja ya tano ya deni lote, ni fedha ambazo serikali imezikopa kwenye mifuko yake yenyewe, ukiwamo mfuko wa hifadhi ya jamii unaowalipa wazee pensheni.

Ukomo ukifikiwa, Hazina huanza kile inachokiita hatua za dharura. Huacha kwa muda kuwekeza fedha mpya katika mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, na hivyo kupata nafasi ndogo ya kukopa kwingine. Bunge likishapandisha ukomo, sheria inaitaka Hazina irudishe fedha hizo pamoja na riba yake. Hatua hizo hununua wiki au miezi kadhaa. Zikiisha, kinachobaki ni fedha taslimu zinazoingia kila siku kutokana na kodi, nazo hazitoshi kulipa wadai, wanajeshi, wastaafu na makandarasi wote kwa wakati.

Miaka 130 bila ukomo

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inalipa Bunge mamlaka ya kukopa kwa dhamana ya nchi. Haikutaja kiasi. Mwaka 1790 Waziri wa Fedha wa kwanza, Alexander Hamilton, alipendekeza serikali kuu ibebe madeni ya vita vya uhuru yaliyokuwa yakidaiwa majimbo. Thomas Jefferson na James Madison walipinga, kwa kuwa majimbo kadhaa ya kusini, likiwamo Virginia, yalikuwa yamekwisha kulipa sehemu kubwa ya madeni yao. Maafikiano yalipatikana: madeni yakachukuliwa na serikali kuu, na makao makuu ya nchi yakapelekwa kusini, kando ya mto Potomac, ulipo mji wa Washington leo. Deni la taifa hilo jipya lilikuwa karibu dola milioni 75.

Andrew Jackson, rais aliyelichukia deni kuliko wote waliomtangulia, alilimaliza kabisa Januari 1835. Ni mara moja tu katika historia ya Marekani serikali kuu haikuwa na mdai. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1837 mabenki yalianguka, uchumi ukadorora na serikali ikarudi kukopa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861 vililikuza deni kutoka takriban dola milioni 65 hadi karibu bilioni 2.7 mwaka 1865.

Baada ya vita hivyo, mwaka 1868, Katiba iliongezwa Marekebisho ya 14. Kifungu chake cha nne kinasema uhalali wa deni la umma lililoidhinishwa kisheria hautahojiwa. Waliokiandika walihofia kwamba wabunge wa kusini wakirejea madarakani wangekataa kulipa gharama za vita vilivyowashinda. Karne moja na nusu baadaye kifungu hicho kingetajwa tena, safari hii kwenye ugomvi ambao waandishi wake hawakuuwaza.

Katika miaka yote hiyo Bunge liliidhinisha kila mkopo peke yake. Liliamua kiasi, riba, muda wa kulipa, na wakati mwingine hata kazi ambayo fedha zingefanya, kama ilivyokuwa kwa hatifungani za kuchimba Mfereji wa Panama. Utaratibu huo ulifaa nchi yenye serikali ndogo na mikopo michache.

Vita vya 1917 vyazaa ukomo

Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mahitaji ya fedha yalikuwa makubwa na ya ghafla, na haikuwezekana Bunge likae kujadili kila hatifungani. Septemba mwaka huo lilipitisha Sheria ya Pili ya Hatifungani za Uhuru. Sheria hiyo iliweka kiwango cha juu kwa kila aina ya mkopo, kimoja cha hatifungani za muda mrefu na kingine cha mikopo ya muda mfupi, kisha ikaiachia Hazina uamuzi wa lini na kwa namna gani ikope ndani ya viwango hivyo.

Nia ilikuwa kuirahisishia serikali kukopa. Bunge lililegeza kamba, likabaki na haki ya kusema mwisho wake. Deni lililokuwa karibu dola bilioni 1.2 mwaka 1916 lilizidi bilioni 25 mwaka 1919.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa kwa nia hiyo hiyo. Mwaka 1939, wakati wa Rais Franklin Roosevelt, Waziri wa Fedha Henry Morgenthau aliliomba Bunge liondoe viwango tofauti vya kila aina ya mkopo. Hatifungani za muda mrefu zilikuwa zinakaribia kikomo chake cha dola bilioni 30, ilhali Hazina bado ilikuwa na nafasi kwenye mikopo ya muda mfupi. Julai 1939 Bunge likakubali kuweka ukomo mmoja kwa takriban deni lote: dola bilioni 45. Huo ndio ukomo wa deni kama unavyojulikana sasa.

Vita vya Pili vya Dunia viliusukuma juu mara kadhaa, hadi dola bilioni 300 mwaka 1945. Mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, Bunge liliushusha hadi bilioni 275. Wakati huo deni lilikuwa kubwa kuliko pato la taifa la mwaka mzima. Hadi mwaka 1974 sehemu inayodaiwa nje ya serikali ilikuwa imeshuka chini ya robo ya pato hilo. Ukomo haukuwa sababu. Uchumi ulikua haraka, kodi zilikuwa juu, bei zilipanda na nakisi za miaka mingi zilikuwa ndogo.

Wabunge wagundua nguvu ya kukataa

Mwaka 1953 Rais Dwight Eisenhower aliomba ukomo upandishwe hadi dola bilioni 290. Baraza la Wawakilishi lilikubali, lakini Kamati ya Fedha ya Seneti ilikataa. Aliyeongoza upinzani alikuwa Harry Byrd wa Virginia, seneta Mdemokrat aliyejulikana kwa kuchukia matumizi ya serikali. Hazina ililazimika kubana malipo na kutumia sehemu ya dhahabu yake kulipia hatifungani za dola milioni 500 zilizokuwa mikononi mwa Benki Kuu. Mwaka uliofuata Bunge liliruhusu ongezeko la muda hadi bilioni 281. Wabunge walijifunza jambo ambalo halikuwahi kusahauliwa: kwa kukataa kura moja, mtu anaweza kuilazimisha serikali nzima imsikilize.

Mwaka 1979 mchezo huo ulikaribia kuleta maafa. Bunge lilichelewa kupandisha ukomo hadi Aprili 2, Hazina ikiwa imebakiza siku chache tu. Mwishoni mwa mwezi huo na mwanzoni mwa Mei, wananchi waliokuwa na dhamana za muda mfupi za serikali zilizoiva hawakulipwa kwa wakati. Malipo yaliyocheleweshwa yalifikia takriban dola milioni 122. Hazina ilieleza kwamba mitambo ya ofisi ilikuwa imeharibika huku kazi ikiwa imerundikana kwa sababu ya mvutano wa ukomo. Wote walilipwa baadaye. Hata hivyo utafiti wa Terry Zivney na Richard Marcus, uliochapishwa mwaka 1989, ulibaini kwamba riba ya dhamana hizo ilipanda kwa zaidi ya nusu ya asilimia baada ya tukio hilo.

Mwaka huo huo wa 1979 mbunge Dick Gephardt wa Missouri alipata dawa. Kanuni iliyopewa jina lake ilisema kwamba Baraza la Wawakilishi likipitisha mpango wa bajeti, litahesabiwa kuwa limepitisha pia ukomo wa deni unaoendana nao. Kanuni hiyo iliunganisha vitu viwili ambavyo kwa akili ya kawaida havipaswi kutengana: uamuzi wa kutumia na uamuzi wa kulipa. Warepublikan waliiondoa walipochukua Baraza hilo mwaka 2011, na baada ya kurejeshwa wakaiondoa tena mwaka 2023.

Bajeti isiyokamilika kwa wakati

Hasira ya wananchi haitokani na ukomo peke yake. Inatokana pia na bajeti isiyoisha. Sheria ya mwaka 1974 iliipa Marekani utaratibu mpya wa bajeti, ikaanzisha Ofisi ya Bajeti ya Bunge, na ikausogeza mwanzo wa mwaka wa fedha kutoka Julai 1 hadi Oktoba 1 ili wabunge wapate muda zaidi. Muda huo haukutosha. Tangu mwaka wa fedha wa 1977 Bunge limefaulu kupitisha miswada yote ya matumizi kwa wakati mara nne tu: kwa miaka ya fedha ya 1977, 1989, 1995 na 1997. Miaka mingine yote imeanza kwa sheria za muda zinazorudia viwango vya matumizi vya mwaka uliopita.

Sheria hizo za muda zikikosekana, ofisi hufungwa. Kufungwa kwa serikali na kufikiwa kwa ukomo wa deni huchanganywa mara nyingi, lakini ni mambo mawili tofauti. Serikali hufungwa pale Bunge linaposhindwa kuidhinisha matumizi mapya. Ukomo hukwamisha malipo ya matumizi yaliyokwisha kuidhinishwa. Hadi mwaka 1980 ofisi nyingi ziliendelea kufanya kazi hata fedha zilipochelewa kuidhinishwa. Mwaka huo na mwaka uliofuata Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alitoa maoni ya kisheria kwamba sheria ya zamani inayokataza kutumia fedha zisizoidhinishwa inazitaka ofisi zisimame, isipokuwa zile zinazolinda maisha na mali.

Tangu hapo kufunga serikali kumekuwa njia ya kushinikizana. Mwishoni mwa 1995 hadi Januari 1996 serikali ya Rais Bill Clinton ilifungwa mara mbili, mara ya pili kwa siku 21. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019 ilifungwa kwa siku 35, na takriban watumishi 800,000 ama walibaki nyumbani ama walifanya kazi bila mshahara. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba uchumi ulipoteza dola bilioni 3 zisizoweza kurudi. Mwaka 2025 ilifungwa kwa siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, muda mrefu kuliko wowote uliotangulia. Wakati ofisi zimefungwa, deni lilivuka dola trilioni 38.

Saa ya deni na kura za hasira

Deni lilifika dola trilioni moja mwaka 1981, mwaka wa kwanza wa Ronald Reagan. Kodi zilipunguzwa, bajeti ya jeshi ikaongezwa, na hadi alipoondoka mwaka 1989 deni lilikuwa limekaribia mara tatu. Mwaka huo tajiri wa majengo wa New York, Seymour Durst, aliweka karibu na Times Square saa kubwa inayoonyesha deni likiongezeka kila sekunde, pamoja na mgao wa kila familia. Mwaka 2008, deni lilipopita trilioni 10, nafasi za tarakimu ziliisha na alama ya dola ikaondolewa ili kupisha tarakimu nyingine.

Wapiga kura walizungumza pia. Mwaka 1992 tajiri Ross Perot, asiye na chama, alifanya nakisi kuwa hoja kuu ya kampeni yake ya urais na akapata karibu asilimia 19 ya kura. Mwaka 1997 pendekezo la kuiandika bajeti isiyo na nakisi ndani ya Katiba lilipata kura 66 katika Seneti, pungufu ya kura moja tu kufikia theluthi mbili.

Bajeti ilisawazika bila marekebisho hayo. Kodi zilizopandishwa mwaka 1990 na 1993, mipaka ya matumizi iliyowekwa kisheria, kupungua kwa gharama za jeshi baada ya Vita Baridi na uchumi uliostawi viliiletea serikali ziada kwa miaka minne mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2001. Saa ya Durst ilizimwa mwaka 2000. Iliwashwa tena mwaka 2002, baada ya kodi kupunguzwa, uchumi kuyumba na vita kuanza Afghanistan. Vita vya Iraq vilifuata mwaka 2003, na mwaka 2008 ukaja msukosuko wa mabenki.

Katika miaka hiyo vyama viligeuziana hoja kulingana na aliyeketi Ikulu. Machi 2006 Seneti ilipandisha ukomo kwa kura 52 dhidi ya 48 kwa ombi la serikali ya George W. Bush. Miongoni mwa waliopinga alikuwa seneta kijana wa Illinois, Barack Obama. Miaka mitano baadaye, akiwa rais na akiomba jambo lile lile, alikiri kwamba kura yake haikuwa sahihi.

2011: ukingoni

Uchaguzi wa Novemba 2010, ulioendeshwa kwa kiasi kikubwa na vuguvugu la Tea Party lililochukia deni na matumizi, uliwapa Warepublikan viti 63 zaidi na udhibiti wa Baraza la Wawakilishi. Spika John Boehner alisema ukomo hautapandishwa bila matumizi kukatwa kwa kiasi kinacholingana. Mazungumzo yalivunjika, yakarudi, yakavunjika tena. Agosti 2, 2011, siku ambayo Hazina ilikuwa imetaja kuwa ya mwisho, Obama alisaini Sheria ya Udhibiti wa Bajeti. Iliruhusu ukomo upande kwa hatua hadi dola trilioni 16.4, na kwa upande mwingine ikaweka mipaka ya matumizi kwa miaka kumi.

Gharama zilionekana mara moja. Agosti 5 shirika la Standard & Poor's lilishusha daraja la ukopeshekaji la Marekani kutoka AAA hadi AA+ kwa mara ya kwanza, likitaja siasa za ukingoni kuwa miongoni mwa sababu. Jumatatu iliyofuata kipimo cha hisa cha Dow Jones kilianguka kwa pointi 634. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ilikadiria kwamba ucheleweshaji huo uliiongezea Hazina gharama ya mikopo kwa takriban dola bilioni 1.3 katika mwaka huo wa fedha pekee. Sheria iliyodaiwa kuokoa fedha za umma ilikuwa imezila.

Mwaka 2013 Bunge lilibuni njia ya kukwepa kutaja kiasi: kuusimamisha ukomo hadi tarehe fulani, kisha kuurudisha ukiwa umepanda kufikia deni lililokopwa katikati. Mwaka huo pia lilivuma pendekezo la kutengeneza sarafu moja ya platinamu yenye thamani ya dola trilioni moja na kuiweka Benki Kuu. Hazina ililikataa. Kwamba lilijadiliwa kwa uzito na wanasheria na wanauchumi kunaonyesha mambo yalikuwa yamefika wapi.

2023 hadi 2025

Januari 19, 2023 deni lilifika ukomo wa trilioni 31.4. Spika Kevin McCarthy, aliyekuwa na wingi mdogo sana, alidai matumizi yakatwe. Rais Joe Biden alisema kwanza kwamba kulipa deni si jambo la kujadiliwa, kisha akajadili. Wanasheria kadhaa walimshauri atumie Marekebisho ya 14 na kuendelea kukopa, lakini hakuthubutu kwenda njia ambayo mahakama haikuwahi kuithibitisha. Waziri wa Fedha Janet Yellen alionya kwamba fedha zingeisha Juni 5. Biden alisaini makubaliano Juni 3, na ukomo ukasimamishwa hadi Januari 1, 2025.

Agosti 2023 shirika la Fitch nalo liliishusha Marekani hadi AA+. Oktoba 3 McCarthy aliondolewa katika uspika kwa kura 216 dhidi ya 210, spika wa kwanza kuondolewa namna hiyo, baada ya kukubali sheria ya muda iliyozuia serikali kufungwa. Mei 2025 Moody's, shirika la mwisho kati ya matatu makubwa, lilifuata.

Mgogoro wa 2025, ukomo uliporudi kutumika, uliisha kimyakimya. Sheria kubwa ya kodi na matumizi ya Rais Donald Trump, iliyosainiwa Julai 4, ilikuwa na kipengele cha kupandisha ukomo kwa dola trilioni 5 kwa mara moja. Ilipita Seneti kwa kura 51 dhidi ya 50, ya mwisho ikiwa ya Makamu wa Rais J.D. Vance. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba sheria hiyo ingeongeza nakisi kwa trilioni 3.4 katika miaka kumi. Wengi wa wabunge walioipitisha walikuwa wamedai miaka miwili kabla kwamba ukomo usiguswe bila matumizi kukatwa.

Fundisho kwa wakopaji wengine

Mataifa machache huweka ukomo wa deni kwa tarakimu. Denmark inao, lakini imeuweka juu sana kuliko deni lake, hivyo haugusi siasa za kila siku. Kenya iliwahi kuwa nao. Mwaka 2019 Bunge la Nairobi liliweka ukomo wa Sh9 trilioni, na Juni 2022 likaupandisha hadi Sh10 trilioni kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa unakaribia kujaa. Mwaka 2023 nchi hiyo iliachana na tarakimu na kuweka kipimo cha asilimia 55 ya pato la taifa. Kipimo hicho kinaueleza vizuri zaidi uzito wa deni kwa anayelibeba, ingawa nacho hakipandishi mapato wala hakipunguzi matumizi.

Yanayotokea Washington yanafika pia pwani ya Afrika Mashariki. Benki kuu za ukanda huu huweka sehemu ya akiba zao za kigeni kwa dola, na riba ya hatifungani za Marekani ndiyo msingi ambao wawekezaji hutumia kupanga riba ya mikopo ya dola kwa nchi nyingine. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, sehemu kubwa kwa ajili ya kulipia hatifungani ya 2014 iliyokuwa inaiva Juni mwaka huo. Mkopaji mkubwa kuliko wote akiyumba, wadogo hulipa zaidi.

Kukopa harusi kulipa matanga, na kwa Marekani matanga yamekwisha kuingia katika bajeti. Katika mwaka wa fedha wa 2024 riba ya deni iligharimu takriban dola bilioni 880, zaidi ya kiasi kilichotumika kwa ulinzi. Fedha hizo hazijengi shule, hazimtibu mgonjwa wala hazilipi mshahara wa askari. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kujali deni, na anayelalamika kuhusu deni ana hoja ya kweli.

Lakini ukomo haujawahi kulipunguza. Uzito wa deni ulishuka baada ya 1946 kwa sababu ya kukua kwa uchumi na kodi zilizokusanywa. Ziada ya 1998 ilitokana na kura za kodi na mipaka ya matumizi iliyowekwa miaka kadhaa kabla, kwa sheria nyingine kabisa. Deni huzaliwa siku mbunge anapopunguza kodi bila kupunguza matumizi, au anapoongeza matumizi bila kuongeza kodi. Mwananchi anayetaka kujua nani amelikuza deni la nchi yake azisome kura hizo mbili na kumwajibisha mbunge wake kwazo. Kura ya ukomo huja baadaye, na linaloamuliwa hapo ni kama nchi itatimiza ahadi iliyokwisha kuitoa.